Samaki wa Mti wa Inamahoro

Inamahoro alizaliwa Luberizi, katika mashamba ya mpunga, na hata leo hajui kuogelea. Naanza na hilo mjue nasema juu ya nani. Mwanamke huyo wa mpunga, watu wa hapa Kalundu, kando ya ziwa, wanamwita fundi. Miye niliyekulia ndani ya maji naitwa Mama Lionel, basi.

Anachonga visamaki vya mti, anavipaka rangi ya kucha, anavifunga ndoano tumboni. Wachongaji ni wengi. Vyao vikivutwa nyuma ya mtumbwi vinaenda sawasawa. Inamahoro anashika pensi, ile koleo ndogo ya kupindia waya, na kupinda pete ya puani, ile ya kufungia uzi, kidogo tu, kama anayefinya sikio la mtoto, na kisamaki kinaanza kwenda upande. Tangu ziwa lipande likameza nyumba zetu za ufukweni, sangala wanajificha kando ya kuta zilizozama. Mtumbwi ukipita juu yake utakwama kwenye mabati. Basi mtumbwi unapita mbali, kisamaki kinakwenda pembeni kusugua ukuta, sangala anatoka kukimeza.

Na ukuta wenyewe ni wangu. Sebule, chumba, jiko, vyote viko chini, na mume wangu Gaspard anavua pale kwa kisamaki cha mwanamke mwingine. Kila asubuhi lazima apite kwake. "Inamahoro iko na mkono," ananiambia, akila ugali niliousonga kwa mkono wangu.

Nikasema, pete ni pete. Nikatoa kisamaki kimoja katika koti lake, nikakitazama usoni, nikapinda pete kushoto, maana tukitoka ukuta uko kushoto. Siku hiyo nikapanda mtumbwi naye. Kisamaki kikaenda kulia, kikajifunga kwenye miti ya ua wa jirani, nao umezama. Uzi ukakatika.

"Inamahoro hakosei hivi," Gaspard akasema. Kisha akanitazama. "Ni weye ulikigusa?"

Akanipeleka mwenyewe kwa fundi wake, nikaeleze.

"Ulikishika namna gani?" Inamahoro akauliza.

"Kilikuwa kinaniangalia."

Alicheka mpaka pensi ikamwanguka. "Mama Lionel, ulikipinda kama unakisalimia. Kushoto kwako ni kulia kwake. Kigeuze, kikupe mgongo, ndiyo upinde." Akapangusa macho. "Sasa niambie, dirisha la chumba chenu liko wapi? Sangala mkubwa anapenda kukaa dirishani, na Papa Lionel hajui."

Miaka kumi na tisa alilala mule, hajui. Ningeweza kunyamaza. Lile dirisha ndilo kitu pekee nilichokuwa nacho, yeye hana.

"Lete pensi kwanza," nikamwambia.

Nikapinda mwenyewe pete ya kisamaki kipya, yeye akiniangalia. Ndipo nikamwonyesha: hatua nne kutoka kona ya jiko.

Asubuhi iliyofuata Gaspard alirudi na sangala wa urefu wa mkono wangu, akamtembeza ufukwe mzima. "Fundi Inamahoro hana mwenzake."

"Hapana," Inamahoro akawaambia watu. "Kisamaki hiki alikipinda Mama Lionel. Na dirisha ni lake."

Wakacheka. Mzee Bonaventure, anayeshona nyavu pale, akatikisa kichwa. "Muone huyu mama. Fundi, tena hajivuni."

Hata kweli yangu, akiisema yeye, sifa zinabaki kwake.