Nilimwonyesha Dada Kaburi Lisilo la Mama

Nimekosa, wasomaji wenzangu, tena nimewakosea marehemu wawili. Shule niliishia darasa la nne, mnivumilie.

Mama yangu alikuwa manamba, kibarua wa mkonge kwenye shamba la tajiri mmoja huku kwetu Kilwa, upande wa baharini. Alikufa nikiwa mdogo, akazikwa humohumo shambani. Dada Somoe ndiye aliyenilea.

Tajiri akaondoka, pori likashika. Baadaye wakaja wapimaji, pafanywe hifadhi ya kutembelewa na wageni. Kikaitishwa kikao: mwenye makaburi mle aseme, yatazungushiwa uzio. Dada anaumwa, akanituma mimi. "Nenda ukawaambie mama yupo pale."

Hashimu, mwenyekiti wetu wa kitongoji, akanivuta pembeni. "Sikiliza, dada'angu. Ukitaja makaburi, mradi watahamishia kwingine. Mwanao hataki kazi ya getini? Tena unataka watu wote wajue wewe mtoto wa manamba?"

Nikanyamaza! Mdomo huuhuu! Nyumbani nikamwambia dada nimesema.

Hifadhi ilipofunguliwa, dada akang'ang'ania nimpeleke. Macho yake yalishaingia ukungu. Tukamkuta Hashimu kajaa getini, anacheka: "Karibuni wenye shamba! Leo mmekuja kitalii?"

"Enzi zetu hapa tulifukuzwa na mbwa," dada akamjibu. "Leo nakaribishwa na wewe. Afadhali mbwa."

Nilicheka. Kisha nikaona. Jamani! Pale alipolala mama pamejengwa choo cha wageni!

Nikamshika dada mkono, nikampitisha mpaka chini ya mkorosho mmoja. Nikasema, "Hapa."

Akapapasa udongo. "Mbona mizizi mitupu?"

"Miti imeota, dada."

Akasoma Fatiha. Akalia. Akamweleza mama habari zote za nyumbani, nani kaoa, nani kazaa. Mimi nimesimama tu, nasikia maji ya choo yakimwagwa kule nyuma.

Sasa dada naye ametangulia, nimebaki peke yangu. Siku yake ya mwisho alinishika mkono: "Ulinifikisha kwa mama. Radhi zangu unazo."

Radhi hizo zinanichoma kuliko laana!

Kazi yenyewe mwanangu hakupata, getini yupo mtoto wa Hashimu. Hashimu, ukiyasoma haya, ujue sijakusamehe. Lakini mdomo ulionyamaza ni wangu.

Ndugu zangu, wakija na kamba zao za kupimia wakauliza nani ana mtu wake pale, simameni! Mtajeni kwa sauti.

Mama yangu aliitwa Zuhura.