Vidonge vya Damu kwa Bahari

Shemeji yangu, mdogo wa kike wa mke wangu, hanipigii simu kunisalimia. Akipiga, kuna msiba au kuna mradi. Siku hiyo ilikuwa mradi.

"Njoo usikilize," alisema. "Wewe si ndiye uliyesomeshwa mpaka chuo kikuu? Tuitumie hiyo elimu leo, kabla haijaoza."

Analima mwani katika kijiji kilicho kusini ya Mtwara mjini, upande wa kuelekea mto Ruvuma unakoingia baharini. Nilitoka nyumbani, mtaa wa Rahaleo mjini, asubuhi, nimevaa viatu vya ngozi kama mtu anayekwenda kusaini mkataba, na njiani akanieleza kwa simu kilichopo. Watu wa mradi walikuwa wanaomba kumwaga madini ya chuma baharini, mbele kidogo ya mashamba ya akina mama. Kikundi cha shemeji na wakulima wenzake kilitakiwa kiseme ndiyo au hapana. Kila mwenzake alikuwa na la kupoteza; la kwake yeye lilikuwa paa. Nyumba yake ilikuwa ya makuti yaliyochoka, na mwani uliokuwa majini wakati ule ndio ungemnunulia mabati kabla ya masika. Mwani ukiharibika, watoto wangelala tena na sufuria za kukinga maji katikati yao.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Huku kwetu ni tabia ya wengi. Tumeahidiwa mambo yatakayotoka ardhini na mambo yatakayotoka baharini, na tumejifunza kusubiri tukiwa tumekunja mikono, nyuso zimechangamka kwa ajili ya wageni. Gari jeupe likiingia kijijini, hatuulizi limeleta nini. Tunauliza litaondoka na nini.

Mkutano ulifanyika kwenye banda la kuhifadhia mwani mkavu, penye harufu ambayo ukizoea unaiona nzuri. Mtaalamu alikuwa kijana wa Kitanzania, mpole, mwenye buti za mpira zisizo na tone la tope. Alishika chupa ya kioo yenye punje za kijani hafifu. Alieleza vizuri, lazima nikubali. Baharini, alisema, kuna mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Inakula hewa ukaa, ule uchafu wa moshi wa viwanda na magari, kama jani la muhogo linavyofanya shambani. Ikifa, inazama nao mpaka chini. Kuna sehemu za bahari ambako mimea hiyo imekosa kitu kimoja tu, chuma. Ukiipa kidogo, inazaana. Nchi zenye moshi mwingi zitalipa ili moshi wao uzamishwe.

"Kwa hiyo moshi wao unakuja kuzikwa kwetu," alisema mama mmoja aliyekuwa akisuka kamba.

"Kwa maana hiyo, ndiyo, mama."

"Na hitma anasoma nani?"

Kijana alicheka kwa adabu. Nadhani alikuwa amefundishwa kucheka. Kisha akafanya kosa. Alitaka kuwaondoa hofu, akainua chupa na kusema, "Akina mama, hii si sumu. Hii ni dawa mnayoijua. Ndiyo ile ile ya vidonge vya damu mnavyopewa kliniki mkiwa wajawazito."

Shemeji yangu ndiye aliyeanza.

"Kumbe bahari ina mimba."

Banda likapasuka kwa kicheko.

"Na aliyeipa mimba ni nani? Maana kliniki siku hizi hawakupokei mpaka uende na mwenzako," alidakia mama mwingine.

"Mie vile vidonge vilinifunga choo," alisema mwingine, macho makavu kabisa. "Bahari ikifunga choo, sisi tutakwenda wapi?"

Nilingoja kicheko kiishe, kwa sababu nilikuwa na swali langu. Nilikuwa nimelisomea kwenye simu njia nzima na nilijiona mtu hatari. Nikasimama. Nikasema kwamba, kwa ninavyoelewa, bahari inayokosa chuma ni ile ya mbali, kusini kabisa, kwenye maji baridi. Hapa kila masika Ruvuma inaleta udongo mwekundu mpaka maji yanageuka rangi ya chai. Udongo huo una chuma. Kwa nini basi mlete chuma mahali kilipojaa?

"Swali zuri sana, mzee," alisema kijana.

Neno mzee lilinichoma kiasi kwamba nilikosa nusu ya jibu. Nusu niliyoisikia ilisema kwamba hapa ni karibu na barabara, ni rahisi kupima, na kwamba kuna kikundi kilichokwisha kujipanga. Maana yake ni kwamba tulichaguliwa kwa sababu tunafikika. Niliwageukia akina mama nikitarajia wameona nilichokiona. Shemeji alinivuta shati nikae.

"Umeuliza vizuri mno, mpaka mwenyewe amekusifu," alininong'oneza. "Wamekununua kwa posho au kwa soda tu?"

Hapo ndipo mwenyekiti wao alipozungumza, mama mtu mzima ambaye muda wote alikuwa akichambua uchafu kwenye mwani mkavu.

"Mwanangu, kwetu anayekuletea maji ya kunywa huonja kwanza mbele yako, halafu ndio anakupa kikombe. Unaijua hiyo?"

"Naijua, mama."

Na kabla hajamaliza, kijana akafungua chupa, akachovya kidole, akalamba. Uso wake ulikunjamana kama wa mtoto aliyepewa ndimu. Nilimwonea huruma, halafu nikashuku hata huruma yangu.

"Sikusema wewe ulambe," alisema mwenyekiti. "Nasema njoo ufunge kamba zako za mwani katikati ya zetu. Panda, uhudumie bamvua zote, maji yanapokupwa sana, mwaga dawa yako hapo kwako kwanza. Ukivuna vizuri, na sisi tutaomba."

Kijana alisema atawasiliana na wakubwa wake. Aliandika ujumbe kwenye simu palepale, akapeana mikono na kila mtu, gari likaondoka. Halikurudi tena.

Nilirudi mjini nimefurahi, nikaanza hata kuandika makala kuhusu ushindi wa akina mama. Sikuimaliza, maana baada ya muda ikaja habari kwamba mradi umehamia kijiji kingine, ng'ambo ya rasi, na huko wamekubali. Mmoja alisema ameona boti ikipakia mifuko. Mwingine alisema ile ilikuwa saruji ya kujengea choo cha shule. Nilipiga simu kwa watu ninaowafahamu, na kila mmoja alinipa jibu la mtu aliyesikia kutoka kwangu.

Shemeji alinipigia mara ya pili wakati wa bamvua. Nilikunja suruali, nikamfuata majini nikiyumba kwenye mawe huku yeye akitembea kama yuko sebuleni. Aliinua kamba moja. Mwani ulikuwa umevikwa utelezi wa kijani unaoelekea kahawia, kama kamasi. Utelezi huo huja karibu kila mwaka maji yakipata joto. Miaka mingine shemeji huutikisa, hulilaani jua, hurudi nyumbani kupika.

"Hii ni kazi ya Mungu au ya wale wa chuma?"

Nilitazama kule rasi ilikoingia baharini. Maji yalikuwa yanakuja kutoka upande huo, kama yanavyokuja siku zote.

"Sijui," nilisema. "Hata wao hawawezi kujua, kama hawakupima kabla."

"Bora ungekuwa mganga. Ungenidanganya nikalala."

"Ukisubiri wiki mbili zaidi, mwani utakomaa."

"Au utakatika wote ukaondoka na maji." Aliutikisa ule mwani. Utelezi ukatoka nusu, nusu ukabaki. "Nikiuvuna leo haujakomaa, ukikauka utakuwa mwepesi. Nitaezeka chumba kimoja."

"Na cha watoto?"

"Ndicho hicho kimoja."

Alianza kufungua kamba kwenye kigingi. Nilitaka kumwambia kwamba huenda hakuna mtu aliyemwaga chochote popote, kwamba huenda anakimbia joto la kila mwaka. Lakini hilo nalo sikuwa na hakika nalo, na paa halikuwa langu. Nikashika upande wa pili wa kamba, mwani ukatujia mzito, unateleza, tukauvutia kwenye gunia.

Shamba la pili kutoka hapo, jirani yake alikuwa ameinama akitikisa mwani wake. Alinyanyuka akatuangalia kwa muda, mkono kiunoni. Kisha akakiendea kigingi chake cha kwanza, naye akaanza kufungua.