Upande wa Mto

Yule mama anayewaongoza wageni kwa baiskeli kando ya mto Loire huanza kwa kubinya magurudumu yote kwa kidole gumba, kama sisi wakulima wa mizabibu tunavyobinya zabibu kabla ya mavuno. Njiani yeye hukaa upande wa mto, wageni upande wa mashamba. Ukijaribu kumpita upande wake, atakupigia kengele mpaka urudi, hata kama umelipa kama mfalme. Hapandishi sauti kamwe.

Jumamosi nilikuwa ukingoni nikiwamiminia wageni wake divai. Bwana Anselme, mgeni mnene mwenye maneno mengi, akavua viatu, akaingia majini na glasi yake, akielekea kisiwa cha mchanga. “Njooni, waoga! Hata magoti hayafiki!” Papo hapo mchanga ukadidimia, akazama hadi kifuani. Sisi tukapiga mayowe. Mama hakupiga. Aliburuta baiskeli yake hadi mchanga mgumu ulipoishia, akalala kifudifudi na kuisukuma mbele, ameng’ang’ania gurudumu la nyuma.

“Shika usukani, baba. Usirushe miguu. Na hiyo glasi iache.”

Kumbe bado alikuwa ameishika! Tukamkamata mama miguu, tukawavuta wote wawili.

Bwana Anselme akajichekesha, meno yakigongana. “Lakini yalikuwa maji ya magotini tu!”

“Na mume wangu alisema hivyo hivyo,” akajibu, akaanza kubinya magurudumu upya.

Walipoondoka, wote walijipanga upande wa mashamba. Kengele haikulia.