Siku ya Tisa, Mlango wa Kwanza

Watu wakiniuliza niliachaje pombe, huwa nawaambia nilikosea mlango. Wanacheka. Mimi huwa sichekeshi.

Nilikuwa nakata mawe kwa machimbo ya Kitengela, na mshahara wa mchana haukuwahi kuona asubuhi. Mke wangu akachoka. Alihamia kwa dadake kule Nkoroi na watoto wetu wawili, akaniachia neno moja tu: tafuta watu wa kukusaidia, na kama hutaki, usitutafute sisi. Siku mbili nzima nilikuwa na hasira. Ya tatu nikaanza kutafuta.

Kikundi cha kwanza kilikuwa cha kanisa. Waliniwekea mikono, wakakemea mapepo, wakatangaza nimefunguliwa, bila hata kuniuliza nakunywa nini. Jumamosi iliyofuata nililewa nikiwa nimefunguliwa. Cha pili kilikuwa huko Nkoroi, nyumba za mageti, watu wazuri tu, lakini wanaongea Kizungu juu ya divai. Mimi ni mtu wa chang'aa. Nikanywa chai yao, nikasema asante, nikarudi nyumbani na hasira zangu.

Halafu soja anayelinda geti pale machimboni, mtu ambaye alikuwa hajawahi kuniambia zaidi ya habari ya asubuhi, akanivuta kando. Akasema kuna watu hukutana Jumamosi saa nane mchana, kwa hoteli moja karibu na stendi. Panda ngazi, mlango wa pili. Yeye mwenyewe alikuwa anaenda huko mwaka wa nne sasa. Nilimwangalia kama mtu simjui.

Jumamosi hiyo ilikuwa siku yangu ya tisa bila kuonja. Mikono ilitetemeka hadi kufunga kamba za viatu ikawa kazi. Nilijua nikikosa hawa watu, jioni nitakunywa, na Nkoroi nitaisahau. Nilifika nimechelewa, nikapanda ngazi mbio, nikaona mlango uko wazi: watu wamekaa duara kwa viti vya plastiki, chai iko mezani, nyuso zimeinama. Nikajiambia, hawa ndio wenyewe. Mambo ya mlango wa pili niliyasahau kabisa.

"Tunajitambulisha, ndugu," akasema mzee mmoja mwenye daftari. "Imefika kwako."

Nikasimama. Nikataja jina langu, nikasema, "Mimi ni mlevi. Niko na siku tisa sijaonja, na leo naogopa."

Mzee akafunga daftari, akaniambia kwa upole kwamba hii ni kamati ya mazishi. Walikuwa wanapanga kumzika kijana wa yule mama aliyekaa dirishani. Aibu iliyonishika sina neno lake. Nikageuka nitoke.

"Keti," mama akasema.

Alikuwa amejifunga leso nyeusi kichwani, na usoni hakuwa na hasira hata kidogo. Nikaketi.

"Umesema siku tisa?"

"Ndiyo, mama."

"Kijana wangu amekufa kwa pombe. Miaka kumi na miwili nimengoja aseme hilo neno umesema. Hata tukiwa wawili tu jikoni, hakulisema." Akanitazama. "Wewe unatafuta wale wa chumba cha pili."

Alikijua. Mara mbili alikuwa amemleta kijana wake, na mara mbili kijana akageuka pale kwa ngazi akarudi. Sasa mama huyu akainuka katikati ya mkutano wa kumzika mwanawe, akanishika mkono, akanipeleka mlango wa pili. Ndani alikuwa soja wangu, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Bisil, na wengine wanne.

"Huyu amefika," akawaambia, kisha akarudi kwa kamati yake.

Nilikaa humo masaa mawili. Hakuna aliyenikemea. Yule wa mbuzi alieleza alivyouza mbuzi wa mahari ya mdogo wake akawanywa wote, hadi wa mwisho, na nikasikia kitu kifuani kinalegea. Nilikuwa nimefika kwetu.

Tukitoka nilisikia kamati wakilalamika kwamba shamba la yule mama, mbele ya Kajiado, ni mwamba mtupu, na kaburi litawashinda. Nikamwambia mzee wa daftari mwamba ni kazi yangu. Alhamisi, siku ya mazishi, asubuhi mapema nilikuwa huko na sururu na nyundo, na soja akaja nami. Huku kwetu wachimba kaburi hupewa chupa, hata marehemu akiwa ameuawa na hiyo hiyo chupa. Ilizunguka, ikanifikia. Niliishika. Harufu ilinipanda hadi machoni, na nilitaka kunywa kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nikaipitisha kwa mwingine, nikarudi kwa mwamba.

Baada ya maombi watu walipanga foleni kumpa mama pole. Nilipomfikia hakungoja pole yangu.

"Ngapi?" akauliza.

"Kumi na nne, mama."

Akageukia udongo mbichi, akainama kidogo, akamwambia mwanawe, "Kumi na nne." Mimi nikachukua sururu yangu nikaenda kusimama nyuma ya watu, kwa sababu nilikuwa nalia.