Kidole Chenye Jina la Emilienne

Mikono ya Emilienne ilianza kazi kabla kichwa chake hakijajua kazi ni kitu gani. Alizaliwa upande wa Lusangi, akapalilia mihogo ya mama yake, akaolewa, akafiwa na mume, na alipoona watoto wanamtazama yeye badala ya chungu, akajifunga kitenge akaenda Salamabila, kwenye machimbo. Kule wanaume huingia shimoni, wanawake hutwanga mawe. Unaweka jiwe juu ya chuma, unalipiga mpaka liwe unga, kisha unaosha ule unga majini ili dhahabu ibaki chini. Alitwanga miaka mingi. Viganja vikawa vigumu kama mchi, lakini ncha za vidole, ajabu, zikawa laini, zinateleza kama kokoto za mtoni. Mawe yalikuwa yamezilamba.

Kwa hiyo alipopata kazi ya kulinda depo ya dawa pale Kabambare, aliona Mungu amemtua mzigo. Lilikuwa shirika lenye ofisi kubwa Kasongo, likipeleka dawa kwa pikipiki mpaka kwenye vituo vya afya vya vijijini. Njia ikiwa nzuri dawa zilifika. Ikiwa mbaya zilifika pia, lakini zimelowa. Emilienne alifungua mlango, akasimama katoni zikitoka, akafunga. Ufunguo uliishi kwenye pindo la kitenge chake, na hata akilala aliusikia ubavuni.

Kisha wakaleta masini. Kidude cheusi chenye kioo kidogo, cha kubandikwa mlangoni. Kila mfanyakazi ataweka kidole, masini itamjua, itaita jina lake kwa sauti, na mlango utafunguka. Ufunguo wakaurudisha Kasongo. Na neno likaja kutoka huko huko: asiye na kidole ndani ya masini, hana kazi.

Aliyeibandika ni Pitchou, kijana wa kompyuta wa depo, mtu wa utani asubuhi mpaka jioni. Mama yake mzazi naye aliitwa Emilienne, basi na Emilienne huyu alimwita mama bila kuombwa.

"Weka kidole, mama."

Akaweka. Taa nyekundu.

"Pangusa, urudilie."

Nyekundu. Wakajaribu kwa sabuni, wakajaribu kwa ndimu, wakajaribu kidole baada ya kidole. Pitchou akamgeuza mkono, akauangalia sana.

"Mama, vidole vyako havina mistari. Masini inafikiri umeigusa na kijiko."

Emilienne alicheka, na kicheko kikaishia vibaya. "Sasa njo nafukuzwa kwa sababu ya vidole? Vidole hivi njo vililea watoto wangu!"

Pitchou akatazama nje. "Acha. Jina la mama yangu siwezi kuliacha inje." Akaigeukia masini, mgongo wake ukaificha, na baada ya kitambo sauti ikaita: *Emilienne!*

"Usiseme kwa mutu," akamwambia.

Tangu hapo Pitchou alikuja mapema kila siku kumfungulia mlango. Emilienne alilielewa jambo hilo kwa namna yake: mwenye sauti nzuri humwitia aliyepwelewa na sauti, basi. Kitu kimoja tu kilimsumbua. Kijana alipojifungulia mwenyewe alitumia mkono wa kuume, alipomfungulia yeye alitumia kidole kidogo cha kushoto. Kwao mtu mzima hapewi kitu kwa mkono wa kushoto. Lakini vijana wa leo utawagombeza mara ngapi?

Hata ikafika siku Grégoire akashuka kwenye pikipiki, ametapakaa matope mpaka masikioni. Alikuwa mkaguzi kutoka Kasongo. Dawa za malaria zilikuwa zinapotea. Kituo cha Lusangi kilikuwa kinapokea maneno matupu badala ya katoni. Akafungua kompyuta yake, akamketisha Emilienne mbele.

"Mama, masini inasema ni weye ulifungua mulango siku ya Mungu."

"Siku ya Mungu niko kanisani, shefu. Naimba. Muulize hata pasta."

"Na ile siku ingine tena, ya katikati ya juma?"

"Ile nilikuwa Lusangi kwa kilio cha shemeji yangu!"

"Weye ulikuwa kwenye kilio. Kidole chako kilikuwa hapa." Grégoire hakupaza sauti, hilo ndilo lililomtisha zaidi. "Mutu anadanganya, mama. Karatasi inadanganya. Kidole, hapana. Kama hauna jibu, kesho tunaenda wote Kasongo, ukajieleze kwa parke."

Parke, mbele ya waendesha mashtaka! Emilienne alitoka nje kama mtu aliyegongwa. Akavitazama vidole vyake kimoja kimoja. Vyote vilikuwepo. Alikumbuka kilio, alikumbuka hata ndizi alizomenya kule, na vidole hivi ndivyo vilivyomenya. Sasa vilirudi lini kufungua mlango? Akaanza kujiuliza kama mtu anaweza kuiba bila kujijua, kama wale wanaotembea usingizini.

Pale langoni Anastasie, muuza mikate ya kukaanga, alikuwa amekwisha kusikia yote.

"Wamekuloga, yaya, dada yangu. Wameazima kidole chako."

"Kidole kinaazimwa? Ni sufuria?"

"Siku hizi kila kitu kinaazimwa. Nunua mukate, akili irudi."

Emilienne hakununua mkate. Lakini akili ilirudi. Kidole chake hakikuwahi kuingia kwenye masini ile, hata siku moja! Sasa aliyeitwa Emilienne mle ndani ni nani? Jibu lilikuja polepole, naye akalikimbia. Kijana yule? Aliyemwokoa asifukuzwe? Tena akisema, atakuwa amejifunga mwenyewe: asiye na kidole hana kazi. Akinyamaza ni mwizi, akisema ni mtu wa kufukuzwa. Akazunguka ua wa depo, akazunguka tena, kisha akarudi kwa mkaguzi kabla miguu haijabadili shauri.

"Shefu, miye sina kidole mule."

Grégoire akafikiri anachezewa. Akampeleka mlangoni. Kidole cha kwanza, nyekundu. Cha pili, nyekundu. Vyote viliwekwa, na mkaguzi akapangusa kioo kwa shati lake mwenyewe, bado nyekundu. Sasa aliyechanganyikiwa alikuwa Grégoire.

"Lakini jina lako limo!"

"Njo kitu sielewi hata miye. Muite Pitchou."

Pitchou akaja na utani wake. "Shefu, masini inakuogopa?" Akaweka mkono wa kuume, masini ikaita *Pitchou!*

"Na kushoto, mutoto wangu," Emilienne akasema taratibu. "Kile kidogo."

Utani ukaisha. Kijana akaweka kidole.

*Emilienne!*

"Niko hapa!" akaitika Emilienne kwa mazoea, na hakuna aliyecheka.

Baadaye, Grégoire akizungumza na Kasongo kwa simu juu ya kichuguu cha nyuma ya depo, mahali pekee penye mtandao, wawili hao walikaa kwenye katoni tupu. Dawa ziliuzwa Salamabila, Pitchou amekubali. Emilienne alitaka kujua jambo moja tu.

"Siku ile ya kwanza, ulikuwa unanisaidia, ao ulikuwa unaniiba?"

"Nilikusaidia, mama." Akakuna shingo. "Nafikiri. Kisha nikaona jina lako linafungua bila weye kuwepo... Hata miye sijui ilibadilika siku gani."

Grégoire alirudi na hukumu ya wakubwa. Pitchou atakwenda Kasongo. Mama atabaki kazini, ila ameonywa: jina lake alimwachia mtu mwingine alivae, na kosa hilo ni lake. Kwa kuwa vidole vyake vimelika, atapewa namba ya siri.

"Uichague mwenyewe. Asiijue mutu yeyote. Hata miye."

Ikawa kazi nyingine. Mwaka aliozaliwa unajulikana na ukoo mzima. Wa mtoto wa kwanza anaujua mkunga na jirani zake. Namba ya nyumba, Anastasie huitangaza langoni kwa kelele. Emilienne akagundua kwamba katika maisha yake yote hajawahi kuwa na kitu ambacho mtu mwingine hakijui. Akafumba macho, akabonyeza tarakimu zilizokuja zenyewe, akazirudilia moyoni kama mtoto na sala mpya. Masini ikawaka kijani.

Pikipiki ilipowashwa, Pitchou nyuma ya mkaguzi, kijana akageuza kichwa.

"Mama, na ukiisahau ile namba?"

Emilienne alifungua mdomo kumjibu kama siku zote: nitakuuliza wewe. Akalimeza neno: asiijue mtu yeyote. Alisimama hata pikipiki ikaondoka, akihesabu tarakimu zake ndani ya moyo, asijue kama machozi yaliyomtoka ni ya kupona au ya kufiwa.