Waya wa Sabufa ya Mwalimu

Kufunga muziki kwenye magari ni kazi ya kuinama, na mimi nimeinama hapa Mwenge miaka mingi mno. Kila mteja ana haraka, na kila mteja ana shemeji anayejua zaidi yako.

Mwaka huu alikuja mwalimu mstaafu kutoka Goba. Shikamoo yangu niliirudia mara tatu ndipo akaitika. Alitaka sabufa, ile spika kubwa ya besi, kwenye buti la gari lake kuukuu.

"Maneno siyasikii tena, mwanangu," alisema, "ila besi naisikia mgongoni. Hiyo tu ndiyo imebaki."

Ampli ya kukuza sauti niliiweka chini ya kiti cha mbele. Kutoka pale hadi kwenye buti ni mbali, na sabufa inakula umeme. Inataka waya mnene, wenye nyuzi nyingi za shaba. Nilikuwa nao. Lakini kuupitisha chini ya kapeti lazima ung'oe kiti cha nyuma, na hilo lilikuwa gari la tano siku hiyo. Nikachukua ule mwembamba wa spika za milangoni. Ukapenya kiulaini. Mlio ukatoka dhaifu, nikajiambia mzee hatajua.

Baada ya wiki akarudi. Hakuja kulalamika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuja kuniomba niitoe sabufa, nimpe mtu mwenye masikio.

"Umefunga vizuri, Mungu akubariki," alisema. "Mie ndiyo nimekwisha. Hata mgongoni besi siisikii sasa. Nimeshawaambia wanangu kwamba ndiyo basi tena."

Sisi mafundi, muziki ukigoma, tuna jibu letu kwa mteja: wewe mwenyewe umefungulia sauti sana. Linatutoka bila kufikiri. Safari hii hata hilo halikuhitajika. Ningenyamaza tu, ningekuwa nimepona. Niliona aibu.

Nikamwinamia sikioni, nikapaza sauti. "Mwalimu, wewe huna tatizo. Ni waya. Niliweka mwembamba."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nilikuwa nimechoka."

Niling'oa kiti cha nyuma mbele ya macho yake, nikapitisha waya mnene, nikakirudisha. Akaingia, akaegemea. Nikafungulia muziki.

Alifumba macho. Nilidhani atanishukuru, na nilikuwa tayari kukataa shukrani hiyo.

"Wiki nzima," alisema bila kufumbua macho, "nimekuwa nikijizika."