Koti la Mifuko Kumi na Minne

Fundi cherehani hakuwahi kupanda ndege tangu azaliwe. Sasa dada yake, aliyenyonya naye ziwa moja, alikuwa amelazwa ng'ambo, mahututi. Mpwa wake akapiga simu.

"Mjomba, njoo upesi, mama anakuulizia wewe tu. Nimekukatia tiketi ya bei poa, ila hairuhusu begi."

"Begi la nini, na mimi ni fundi?"

Akajishonea koti la mifuko kumi na minne. Akatia mashati, kandambili, dawa zake za presha, na mtandio wa marehemu mama yao, ambao dada aliuomba miaka yote. Kisha, kwa mazoea ya kazi, akaishona midomo ya mifuko yote, kitu kisidondoke.

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. "Mume wangu, umekuwa kabati linalotembea!"

Kwenye ukaguzi uwanjani, mashine ikalia.

"Mzee, toa vyote, mfuko mmoja mmoja," askari akamwambia.

Mkasi hakuwa nao. Akafumua kwa kucha, akafumua kwa meno, na uzi wake, kama kawaida yake, ulikuwa imara. Nyuma yake foleni ikaguna.

Alipofika mlango wa kuondokea, ulikwisha fungwa.

"Tiketi ya bei hii haibadilishwi, baba," binti wa kaunta akasema kwa upole.

Simu ikalia. "Mjomba, umeshapanda? Mama anauliza."

Akautazama mtandio mkononi. "Mwambie nakuja," akasema, na nje ya kioo ndege ikaanza kusogea.